Bei ya umeme na bajaji kupanda kwa masaa, hii ni haki kweli?

Mzee_wa_Shangani: Wakuu habari za jioni. Jana nimempokea dogo stendi hapa Mtwara, basi la Dar limeingia saa tano usiku, bajaji hadi Magomeni buku nne wakati mchana naendaga kwa buku mbili, namuuliza ananambia "mzee, usiku una bei yake". Nikalipa nikanyamaza. Sasa dogo ananambia kuna nchi hata umeme wanauza hivohivo, jioni juu, usiku wa manane chini. Wakituletea huku si ndo mnyonge anakwisha?

Fundi_Chikongola: Zipo mkuu, Kenya tangu 2017 viwanda vinapata punguzo kubwa vikiongeza matumizi ya usiku. Sababu yake ni kwamba saa moja hadi saa nne usiku kila nyumba taa, tv, pasi, inabidi mitambo mingine iwashwe kwa masaa hayo machache tu, na mtambo ukikaa bure kutwa nzima gharama iko palepale. Mi nauza barafu, wakileta nashangilia, nagandisha usiku jioni nachomoa.

MamaMikindani: We una friza kaka. Mi mkaa ndo napikia, umeme wangu taa mbili, simu, na kafeni kenye waya wa kuungaunga. Mwanangu anasoma saa mbili usiku, nimwambie asubiri saa nane?? Haki ninayoijua mimi ni hii ya kwetu wa uniti 75 kwa mwezi kushuka chini, uniti shilingi 100 wakati wengine 292. Wakitaka bei ya masaa waanze na wenye ma-AC, sisi watuache.

Fundi_Chikongola: Hapo sina ubishi mama. Hata London tangu 2003 wanaoingiza gari katikati ya mji mchana ndo wanalipa, mabasi hayalipi.

Bajaji_Mkanaledi: Jamani msituonee, usiku nampeleka mtu mmoja narudi tupu, mafuta yaleyale. Ila naumiaga kwa nesi mmoja anatoka zamu saa nne, kila siku anabembeleza, na saa ya kutoka hajaichagua yeye. Huyo namchukua kwa bei ya mchana, wengine wanaotoka kunywa hapana. Na wewe mzee, stendi hadi Magomeni ni buku tatu usiku, kakupiga huyo.

Mzee_wa_Shangani: Daah!! Buku yangu.