Tupeane uzoefu: mikanda ya kufungia kayaki juu ya gari, wewe unatumia ipi?

KasiaLaDuluti
Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa yuko Kigamboni ananiuzia kayaki yake ya plastiki, kile kimtumbwi chembamba cha kupiga kasia, ile ya kukalia juu, ya mtu mmoja, urefu kama mita tatu na nusu hivi. Mimi niko Arusha, nataka nikapigie kasia pale ziwa Duluti wikiendi. Gari ni Noah, juu ina keria ya vyuma viwili vya kukatisha. Sasa hapo kwenye kufunga kila mtu ana lake, fundi ananiambia chukua mipira ya tyubu kama ya bodaboda imeisha hiyo, dukani wamenionyesha mikanda ya racheti ya malori, ile yenye mkono wa chuma na gurudumu la meno la kukazia, shemeji yangu yeye ni manila tu hataki kusikia kingine. Safari ni zaidi ya kilomita 600 na yale mabasi ya kukutana nayo njiani mnayajua. Waliowahi kubeba kayaki, ngalawa ndogo, mbao ndefu, godoro, chochote kirefu juu ya gari, karibuni mseme mlifungaje na ilifikaje.

MvuviWaKilifi
Mkuu hapo umefika kwangu, mimi kazi ni hiyo, tunahamisha kayaki za wageni kati ya Kilifi, Watamu na Mida karibu kila siku. Achana na racheti. Tafuta mkanda wa polista upana inchi moja, wenye kibano cha chuma cha kubonyeza kwa kidole gumba, unapitisha mkanda unauvuta kwa mkono basi. Nguvu ya mkono inatosha kabisa. Racheti inakupa nguvu ambayo huihitaji, na hiyo plastiki ya kayaki ni ile ile ya matenki ya maji, ikipata jua la saa saba inalegea, ukiibana hapo inabonyea na ikipoa inabaki na bonde. Tuliletewa moja na mteja imefungwa kwa racheti toka Nairobi, tumbo lote lilikuwa limeingia ndani, ukiiweka majini inavuta upande mmoja.

Halafu kupitisha. Wengi wanarusha mkanda juu ya kayaki wanafunga kwenye kile chuma cha pembeni cha keria mbali huko, unakuwa umetanuka kama hema, kayaki inacheza chini yake. Mkanda ushuke ukiwa umegusa ubavu wa kayaki, uzunguke chuma cha kukatisha kwa chini, upande tena juu, ushuke upande wa pili hivyo hivyo. Sehemu inayopita hewani ipige msokoto mmoja au miwili, la sivyo ukifika spidi ya 80 mkanda utaanza kuvuma, kelele yake ni ya kukutoa akili. Na Noah ni ndefu kwenda juu, usiurushe ule upande wenye kichuma, utapasua kioo cha mtu. Panda kwenye stuli uulaze.

BabaSemi
Mimi naendesha semi Dar Tunduma na siwezi kukaa kimya racheti ikitukanwa. Racheti haina kosa, kosa ni mkono. Mtu anavuta mpaka mshipa unamtoka shingoni. Ukiwa huna kingine, vuta mkanda kwa mkono mpaka ukaze, halafu piga meno mawili, acha. Tena angalia lebo iliyoshonwa kwenye mkanda, kuna namba mbili, uzito wa kufanyia kazi na uzito wa kukatikia, ya kwanza kawaida ni theluthi ya ya pili. Wauzaji wanakusomea ile kubwa. Mkanda usio na lebo kabisa mimi sinunui hata uwe bei ya karanga.

Jingine, kokote mkanda unapopita kwenye kona ya chuma weka kipande cha zulia au tyubu kuukuu. Mikanda haikatwi na uzito, inakatwa na msuguano, nimeiona imelika pole pole mpaka nyuzi tatu ndio zimeshika mzigo.

MvuviWaKilifi
@BabaSemi kwa plastiki sawa meno mawili nakubali shingo upande. Kwa ya faiba hapana, ile haibonyei, inapasuka.

NahodhaMstaafu
Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja, kayaki sina lakini kamba nimeshika tangu udogo. Mwambie shemeji yako hiyo anayoiita manila inayouzwa madukani leo ni plastiki, na nyingi zikikaa juani zinatoa unga unga ukizishika, zikifika hapo haina haja ya kuuliza, ni za kuanikia nguo. Ya nailoni ni ngumu lakini ikilowa inavutika, umefunga Chalinze kavu, mvua ikikukuta Same imelegea. Ya katani kinyume chake, ikilowa inafupika inabana, ikikauka inaachia. Polista ndiyo inayotulia, iwe mkanda iwe kamba.

Ila naona wote mnazungumzia mikanda miwili ya katikati tu. Na omo na tezi je, yaani pua na mkia wa chombo? Chombo cha mita tatu na nusu juu ya gari, upepo unaingia chini ya omo unainyanyua, basi likikupita unaisukuma ubavuni. Funga kamba kutoka omo kwenda mbele kwenye ile ndoano ya kuvutia gari, na kutoka tezi kwenda nyuma. Usiivute ikawa ngumu kama waya wa gambusi, isije ikapinda chombo, iwe tu haina ulegevu. Na ncha iliyobaki ifunge vizuri isining'inie, maana kamba ya mbele ikidondoka ikapita chini ya tairi itang'oa kila kitu hapo juu kwa sekunde moja.

MamaTatuMinnesota
Jamani mie niko huku Marekani, ziwa liko nyuma ya nyumba lakini zuri liko mbali 😅 Gari langu ni dogo, keria halina, kwa hiyo naweka zile sponji mbili juu ya paa na mikanda inapita ndani ya gari. Wa hivi wenzangu, pitisheni mlangoni sio dirishani! Mume wangu alipitisha dirishani akakaza vizuri akajisifu, milango yote minne haifunguki, baba mzima akaingia kupitia dirisha na majirani wanamtazama. Na mvua ikinyesha maji yanafuata mkanda yanaingia ndani yanakudondokea mapajani, weka taulo.

Pia someni kitabu cha gari, kuna uzito ambao paa linabeba. La kwangu ni kilo 75 pamoja na vyuma vyenyewe. Kayaki moja ya kilo 25 hamna shida, ukiongeza ya pili na vyuma unaanza kukaribia.

BodaJinja
Huku Jinja kayaki za mto ni fupi, zinabebwa kwa bodaboda zimelazwa kukatisha, na mpira wa tyubu ndio mfalme. Lakini ni safari fupi na mwendo mdogo. Mpira una tabia ya kurefuka, upepo ukiinyanyua kidogo mpira unairuhusu, kisha kidogo tena. Kwa kilomita 600 uuweke uwe wa kufungia kasia ndani ya gari.

KasiaLaDuluti
Aisee asanteni sana wakuu, nimepata picha. Polista, inchi moja, kibano cha kubonyeza, na kamba za omo na tezi. Swali, urefu gani? Dukani kuna za mita mbili na nusu na za mita nne na kidogo. Na niilaze kifudifudi au chali?

MvuviWaKilifi
Mita nne. Ya mbili na nusu haizunguki kayaki na chuma ikarudi. Mkia unaobaki uufunge kwenye mkanda wenyewe au uufungie mlangoni, usije ukagonga gonga rangi ya gari njia nzima. Kuilaza, kifudifudi, ile sehemu ya kukalia itazame chini, ndiyo ngumu zaidi na mvua haijai ndani. Mikanda ikae pale pale kwenye vyuma vyako viwili, na usifunge kwenye vile vishikio vya kubebea, vile vimeshikwa na skrubu tu. Ukishatembea kilomita kumi na tano hivi simama ukaze tena, lazima kayaki itakuwa imejikalia na mikanda imelegea.

BabaSemi
Na nyuma ikitokeza sana ning'iniza kitambaa chekundu, trafiki wasipate la kuongea. Ukisimama kula Segera paki kwenye kivuli, na kama hakuna kivuli legeza mikanda kidogo, ukitoka ukaze. Usisahau hapo kwenye kukaza.

NahodhaMstaafu
Vibano visuuze kwa maji yasiyo ya chumvi kabla hujaondoka Kigamboni, chumvi ikikaukia kwenye ile springi utakuja kukifungua kwa nyundo. Na kabla hujampa huyo bwana pesa, igeuze hiyo kayaki utie maji ndani uone kama yanavuja pale kwenye vile vitundu vya kutolea maji, za mtumba hupasukia hapo.