Kwa mdomo anajua yote, akishika penseli anapata sifuri

Mama wa Majengo, Moshi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kijana wangu yuko darasa la tatu. Dukani ananipigia chenji kabla sijashika kikokotoo, na atakueleza vizuri kwa nini Kibo kuna barafu wakati huku chini tunatoka jasho. Akishika penseli sasa! Herufi zinapanda juu ya mstari, b inageuka d, “mbwa” anaandika “bwa”, “ng’ombe” inakuwa “nobe”. Imla anatoka sifuri. Mwalimu anaandika kwa wino mwekundu “mvivu”, kisha anampa adhabu ya kunakili sentensi kurasa nzima. Usiku analia mkono unauma. Mwakani ana upimaji wa darasa la nne. Nimhamishe shule, au nitafute tuisheni?

Baba Ngarenaro

Dada pole. Kabla ya tuisheni apimwe macho na masikio. Hapo kwenu hospitali ya KCMC idara ya macho ipo. Mtoto asiyeona ubao vizuri huitwa majina mengi bure.

Mwalimu mstaafu, Tengeru

Marahaba mwanangu. Baba Ngarenaro kasema kweli, anzia hapo. Ila nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, na mtoto wa namna hii namfahamu. Si mvivu. Kuandika ni kazi nyingi kwa mpigo: kushika sauti ya neno, kukumbuka umbo la herufi, kuongoza vidole, na bado ufikirie unachotaka kusema. Wenzake mkono umeshazoea. Yeye kila herufi anaianza upya, akili yote inaishia kwenye vidole. Wataalamu huita hali hiyo disgrafia. Ugumu wa kusoma na tahajia ni disleksia, na mara nyingi huandamana. Akili ya mtoto haipimwi kwa hayo.

Adhabu ya kunakili ikome. Anayenakili kosa ukurasa mzima amejizoeza kosa ukurasa mzima.

Tazama anapokosea: mbwa, ng’ombe. Anaangusha m iliyotangulia b, basi fanyieni kazi hapo hapo. Pigeni makofi pamoja, kofi moja kwa kila silabi, m-bwa, ng’o-mbe. Kata vipande vya karatasi, aandikiwe silabi, azipange mezani huku akizitamka, ndipo aandike. Mba mbe mbi mbo mbu zikae kwanza, halafu mhamie nyingine. Kama shule ni ya Kiingereza, imarisha Kiswahili kwanza, maana chenyewe kinaandikwa kinavyotamkwa.

Mkono nao ufundishwe peke yake, dakika kumi jioni, herufi kubwa kubwa kwa kidole kwenye mchanga au sinia la unga. B na d zisikutane siku moja. Mnunulie daftari la hesabu la visanduku, herufi moja kisanduku kimoja. Na miguu ikanyage kitu; kama inaning’inia, weka tofali chini yake. Watu hulidharau hilo la tofali, lakini mwili usipotulia mkono hautulii.

Insha akusimulie, wewe uandike, au ajirekodi kwenye simu. Kisha achague sentensi mbili anazozipenda, anakili hizo tu. Asikose kusema aliyonayo kwa sababu ya herufi.

Ukiwa KCMC ulizia watu wa tiba kwa vitendo, kazi yao ni pamoja na kuizoeza mikono ya watoto shughuli kama kuandika. Huku kwetu Chuo cha Ualimu Patandi kinaandaa walimu wa elimu maalumu; nao waulize.

Mama wa Majengo, Moshi

Asante sana mwalimu, nimesoma na baba yake. Ila nitamwendeaje mwalimu wake bila kuonekana namfundisha kazi?

Mwalimu mstaafu, Tengeru

Usiseme naye kwenye kikao cha wazazi, mbele za watu. Nenda watoto wakishatoka. Mwombe amwulize mtoto maswali machache ya sayansi kwa mdomo, wewe ukiwepo, kisha afungue daftari lake la sayansi. Darasa limejaa, huenda hajapata nafasi ya kumsikia. Halafu omba jambo moja tu: jibu la sayansi lipewe alama ya sayansi, tahajia isahihishwe kando.

Na mwalimu mkuu aambiwe mapema. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini taarifa hupitia shuleni. Usimwendee mikono mitupu, nenda na maandishi ya mtaalamu.