UZI: Lodge za jirani na bandari Mwanza, hicho "kifurushi cha fungate kabla ya meli" ni wizi wa mchana kweupe

Jabali la Kirumba (mleta uzi)

Wakuu, leo sibembelezi mtu. Wenye lodge mlioko humu, someni mkiwa mmekaa.

Kuna mtindo umeota mizizi hapa mjini. Kitanda kinamwagiwa maua, taulo zinakunjwa zikawa bata wawili wanabusiana, picha inapigwa, chini yake maneno: "Kifurushi cha fungate kabla ya meli. Watu wawili, usiku mmoja, chai, ziara, mpaka bandarini." Maharusi wa Dodoma na Shinyanga wanaona, wanatuma advansi kwa lipa namba, wanafunga mabegi. Wameshapigwa kabla hawajaliona ziwa.

Tupige hesabu. Meli ya Bukoba ni ya usiku. Kwa ratiba iliyozoeleka inang'oa nanga kwenye saa 3 usiku, inapitia Kemondo, asubuhi iko Bukoba. Lodge inataka ufunguo saa 4 asubuhi. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 3 usiku kuna saa 11, na ndizo saa pekee ambazo wale wawili walihitaji chumba! Usiku watalala melini. Aliyepanda basi la usiku kutoka Dar anashuka Nyegezi asubuhi, anachotaka ni kuoga, kulala mpaka alasiri, kubadili nguo, kwenda bandarini. Mnamuuzia usiku wa jana yake ambao hakuwepo, na mchana anaouhitaji mnamuuzia upya.

Maana ndivyo inavyokuwa. Ikifika saa 4 na nusu mlango unagongwa: "Bosi, unaongeza siku?" Tuseme chumba ni 50,000. Anaambiwa nusu bei mpaka saa 8 mchana, ikipita hapo bei kamili. Akikataa, mabegi yanatolewa mpaka kwenye korido na bibi harusi anakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya feni mbovu mpaka jioni. Kwa hiyo kifurushi cha 50,000 kimekuwa 100,000, na usiku mmoja kati ya mbili alizolipia hakuna aliyeulalia.

Ziara nayo ni vichekesho. "Saanane na Bujora siku moja." Inawezekana, ila si kwa mpangilio wenu. Mnaanza na Saanane saa 5 kwa sababu mnasubiri boti ijae wageni wa lodge nyingine mgawane gharama. Saanane ni hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, imepandishwa hadhi 2013, na boti kutoka Capri Point ni dakika chache tu. Lakini kile kisiwa ni mawe. Saa 6 mchana yale mawe yanachoma kama kikaango, swala wamejificha vichakani, pimbi wameingia kwenye nyufa, anayebaki juu ni yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu. Mnatoka hapo saa 7 mkiwa hoi, ndipo safari ya Bujora inaanza, kilomita kama 20 kwa barabara ya Musoma hadi Kisesa, na foleni ya Buzuruga na Igoma inawasubiri. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko hapo Bujora yanataka muda wa saa mbili kamili ukitaka kuelewa nyumba ya mtemi, ngoma, na ule ushindani wa Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili vya wacheza ngoma. Nyinyi mnawapa dakika 40, mwongozaji anaongea kama anauza mnada, na kurudi mjini mnakutana na foleni ya jioni.

Geuzeni. Bujora saa 2 asubuhi, mrudi mjini saa 6, mle sato, mpumzike. Saanane iwe saa 9 mpaka saa 11 jua likianza kulegea. Malipo ya hifadhi ni kwa kontroli namba, hakuna kushika hela taslimu, kwa hiyo iombeni mapema mkiwa bado mnakula, si pale getini mtandao ukisuasua. Hapo ndipo chumba cha mchana kina maana.

Halafu tiketi. Lodge inasema "tutawakatia sisi." Sawa, kata, lakini kwa majina yao mawili kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho. Tiketi ya "Bw. na Bi." au tiketi yenye jina la kijana wa mapokezi ni upuuzi usiovumilika kwenye ziwa hili. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo watu wanabishana kuhusu idadi. Jina lako kwenye orodha ya abiria halimsaidii karani, linamsaidia mama yako.

Na acheni kuahidi "chumba cha maharusi" melini. Daraja la kwanza ni vitanda viwili, na mara nyingi kinachouzwa ni kitanda, si chumba. Usiponunua vyote viwili kwa pamoja, mke analala na dada asiyemjua na mume yuko chumba kingine na mzee anayekoroma.

Mapokezi Zamu ya Usiku

Mleta uzi una hoja lakini umetupaka matope wote. Ngoja nikueleze saa 4 inatoka wapi, maana watu wanadhani ni roho mbaya.

Lodge yenye pea mbili tu za shuka kwa kila chumba inategemea jua. Mgeni akitoka saa 4, shuka zinafuliwa, zikianikwa saa 5 zinakauka saa 9, chumba kinauzwa tena jioni. Mgeni akitoka saa 12 jioni, shuka ni mbichi usiku kucha, na pea ya pili ikishatandikwa hakuna akiba. Mvua za vuli ndiyo usiseme. Ongeza muda wa kusugua choo, kubadili taulo, kupiga deki, si chini ya dakika 45 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo mchana ukiuuza bila pea ya tatu ya shuka, umepoteza usiku.

Dawa ipo. Mgeni asiombe "kuongeza muda" asubuhi ile ile. Aombe chumba cha mchana siku mbili kabla, kuingia saa 2 asubuhi, kutoka saa 12 jioni. Hapo tunampa chumba ambacho usiku wake hakikuuzwa, na bei inazungumzika kwa sababu kingelala tupu. Jumapili na katikati ya wiki ni rahisi. Ijumaa na Jumamosi msitegemee.

Jabali la Kirumba

Mkuu, asante kwa maelezo ya shuka. Sasa mbona kwenye tangazo hakuna neno "chumba cha mchana"? Bata wa taulo mmepata muda wa kuwakunja.

Mama Nansio

Jamani, tusichanganye meli. Hayo ya usiku ni ya Bukoba. Nansio, kule Ukerewe, ni safari ya mchana yenye muda wa saa tatu hivi, kwa hiyo anayetoka mbali na kwenda Ukerewe asubuhi anauhitaji huo usiku kweli. Kwake lalamiko ni chai. Lodge inaandika "chai imo" halafu jiko linawashwa saa 1, chapati zinatoka saa 2, na wakati huo abiria anatakiwa awe kwenye foleni. Mwambieni mpishi jana yake afunge: mayai ya kuchemsha mawili kila mtu, chapati, chupa ya chai. Akikataa, kata hela ya chai kwenye bili. Ama nunueni matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) sokoni mapema, hayaharibiki na yanashika tumbo.

Na mwulizeni vizuri dereva anawapeleka bandari gani. "Bandarini" hapa Mwanza si mahali pamoja. Kaskazini ndiyo ya abiria, iko mjini kabisa. Kusini ni mizigo na ndiko MV Mwanza ilikojengwa. Kamanga ni kivuko cha Sengerema. Mwaloni Kirumba ni soko la dagaa na boti za visiwani. Mgeni akimwambia bodaboda "nipeleke kwenye meli" anaweza kujikuta katikati ya magunia ya dagaa na sanduku lake la magurudumu. Watu wawili wenye mabegi wachukue bajaji, wataje jina la bandari na jina la meli.

Daktari wa Mtaa

Kitu ambacho hakuna kifurushi kinachosema: "kuogelea ufukweni" kabla ya meli. Picha nzuri, wapenzi majini mpaka kiunoni, majani pembeni. Hapo ndipo kichocho kinapokaa. Konokono wanapenda maji yaliyotulia yenye magugu, na vijidudu wanavyotoa vinazidi mchana jua likiwa kali, saa ile ile mnayowapeleka wageni kuoga. Vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, kujifuta na taulo si kinga ya kutegemea. Na aliyeoga asikimbilie kupima kesho yake, hakitaonekana kitu. Apime baada ya wiki 6 na kuendelea, dawa ni prazikwanteli. Ukitaka maji, tafuta bwawa la hoteli.

Kabwela Nyegezi

Si wapande basi tu mpaka Bukoba? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3, hakuna tena kusubiri kivuko. Mnahangaika na meli ya nini.

Jabali la Kirumba

Kaka, umesoma neno fungate? Mtu anataka kuamka Bukoba, wewe unamwambia akae siti ya tano karibu na spika.

Nahodha Mstaafu wa Kalamu

Niongeze la hali ya hewa, kwa sababu hapa ndipo hela inapopotea nyingi. Usiku upepo unatoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, mawingu yanapanda, na ngurumo zinakuwa kali kuanzia usiku wa manane mpaka alfajiri. Ndiyo maana mjini kunaweza kuwa shwari kabisa saa 2 usiku na bado safari ikasogezwa. Someni taarifa ya mawimbi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa mchana ule, si asubuhi ya jana. Meli nayo huingia matengenezo na ratiba ikabadilika. Sasa lodge inakuambia "kifurushi hakirudishwi," wakati kifurushi kimeitwa "kabla ya meli." Meli haipo, kabla ya nini?

Msile sangara wa kukaanga saa 2 usiku halafu mkapande. Kuleni saa 11 jioni, kitu kikavu. Kidonge cha kichefuchefu kinamezwa kama saa moja kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika kidonge hakikai tumboni. Mjamzito amwulize mfamasia kwanza. Chumba cha katikati ya meli, sakafu ya chini, kinayumba kidogo kuliko cha mbele.

Jabali la Kirumba

Nashukuru, wakuu. Nimeunganisha yenu, anayetaka anakili na kumtumia mwenye lodge:

"Tunafika saa 2 asubuhi, tunataka chumba mpaka saa 12 jioni. Moja, bei ya mwisho kiasi gani na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ipo? Mbili, tukiwa matembezini mabegi yanakaa wapi na anayeyalinda nani? Tatu, tiketi mkikata nyinyi, majina yote mawili yatakuwepo na vitanda vyote viwili ni vya chumba kimoja? Nne, meli ikiahirishwa mnarudisha au mnasogeza tarehe?"

Asipojibu yote manne kwa maandishi, msitume hata jero.

Mapokezi Zamu ya Usiku

Mimi nitajibu. Bei tutaongea, risiti ipo. Mabegi yanakaa stoo nyuma ya kaunta, kila moja linafungwa namba na mgeni anabaki na nusu ya karatasi. Kompyuta mpakato na dhahabu za harusi sipokei. Tiketi mkate wenyewe. Meli ikiahirishwa nasogeza tarehe mara moja, ya pili mnalipa.

Mama Nansio

Na chai ya kufunga?

Mapokezi Zamu ya Usiku

Mayai mawili kila mtu, mama. Chupa irudishwe.