Kulinda nyumba Lubumbashi: kibali cha bunduki, zamu, ao antivoli?

Mwana_Kampemba
Jambo wakubwa. Parseli (kiwanja) ni mita 20 kwa 25, ukuta wa matofali ya kuchoma mita 2, mabati juu, umeme wa SNEL wa kuja na kuondoka. Pesa ya mwaka huu inatosha kitu kimoja: kutafuta kibali cha bunduki ya kaliba 12, kulipa zamu wa usiku, ao kuimarisha milango na madirisha kwa antivoli (nondo za kuzuia wezi). Kipi kitangulie?

Fundi_Katuba
Milango. Watu wananunua kufuli ya bei kali halafu fremu imeshikwa na simenti kiduchu. Teke likipiga, kufuli inabaki nzima, fremu ndiyo inang'oka. Kila upande wa fremu uwe na mikono 3 ao 4 ya chuma iliyozama ndani ya zege. Bawaba zikikaa nje, mtu anagonga pini kwa nyundo na kuutoa mlango bila kugusa kufuli. Chomelea vichwa vya pini.

Antivoli: nondo ya 12 mm, nafasi isizidi sm 12, ncha zizame sm 10 ndani ya ukuta. Ile ya kufunga kwa skrubu juu ya plasta ni pambo tu, inatoka kwa mtaimbo mmoja.

Halafu juu. Hapa mwizi akishindwa na mlango anafungua mabati, dari ya plaiwudi anaipasua kwa mguu. Weka wavu wa chuma chini ya kenchi, angalau juu ya chumba cha kulala.

Maitre_Kamalondo
Fundi kasema vizuri. Upande wa sheria: Ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inayotawala silaha na risasi. Bila kibali, hata pupu (bunduki ya kienyeji) ya babu iliyotundikwa ukutani ni kosa. Silaha za vita kama AK-47 raia hapewi, na anayekuambia "nitakupangia" anakuuzia gereza.

Kibali kikiwepo bado haujamaliza. Mtu akifa utaulizwa kama shambulio lilikuwa linaendelea, kama ulikuwa na njia nyingine, na kama jibu lako lililingana na hatari. Mwizi aliyepigwa mgongoni akiwa anaruka ukuta kukimbia, utetezi wako unaanguka hapohapo.

Kuhusu zamu: kampuni za ulinzi hapa Kongo hazibebi bunduki. Yule mwenye silaha unayemwona kwenye geti la kampuni ya madini ni polisi.

Mukubwa_Ruashi
Maitre, kwa heshima. Majambazi wanakuja watano, wana silaha ambayo haikuombewa kibali kwa mtu. Nondo zako zinawachelewesha, sawa, na baada ya hapo? Marekani Mahakama Kuu ilijibu swali hili mwaka 2008, kesi ya Heller, majaji 5 kwa 4. Sheria ya mji wa Washington ilitaka bunduki ya nyumbani ikae bila risasi na imefunguliwa vipande, ao imefungwa kufuli ya kifyatulio. Mahakama ikasema hapana, silaha ya namna hiyo haimlindi mtu. Mantiki hiyo haina uraia.

Mama_Sifa_Golf
Papa Ruashi, hukumu hiyo hiyo ilisema haki ile ina mipaka. Na inasimama juu ya katiba yao, marekebisho ya pili ya 1791, sisi hatuna kifungu kama hicho. Utafiti wa Kellermann wa 1993, hukohuko Marekani, ulikuta nyumba yenye bunduki ina uwezekano mara 2.7 wa mtu kuuawa ndani yake, na wauaji wengi walikuwa jamaa ao watu wanaojulikana.

Mukubwa_Ruashi
Mama Sifa, utafiti huo ulipingwa: pengine wanaoishi kwenye hatari ndio wanaonunua bunduki.

Mama_Sifa_Golf
Pingamizi lina uzito, nakubali. Lakini tazama Afrika Kusini, sheria nambari 60 ya mwaka 2000: kibali cha kujilinda unapewa ukionyesha kwamba hitaji lako haliwezi kutimizwa kwa njia nyingine. Ndiyo kusema mlango kwanza.

Mstaafu_Makomeno
Kaliba 12 watu wanaielewa vibaya. Wanadhani inajaza chumba kizima. Kwa mita 5 gololi (chembe za risasi yake) zimetawanyika kama upana wa kiganja, kwa hiyo lazima ulenge, gizani, moyo ukidunda. Zinazokosa zinapita mlango wa mbao hadi chumba cha watoto.

Kuhifadhi ndiko kugumu. Chini ya mto, mtoto ataipata. Ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani, risasi mahali pengine, unahitaji dakika kadhaa; dakika hizo anakupa Fundi, si bunduki. Msimu wa mvua, risasi za ganda la karatasi zikipata unyevu zinavimba na kukwama. Ukivuta kifyatulio isilie, usifungue: elekeza mdomo mahali salama, subiri sekunde 30, inaweza kulia kwa kuchelewa. Na mwizi akijua iko ndani, hiyo ndiyo atakayoifuata.

Zamu ni wa tatu. Asiyelipwa kwa wakati analala saa saba. Mpe firimbi na simu yenye chaji, funguo za nyumba usimpe. Firimbi inafaa ikiwa majirani wamekubaliana kuijibu kwa kupiga masufuria. Muone shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) mapema.

Mwana_Kampemba
Asanteni, naanza na fremu na bawaba. Fundi, moto ukiwaka, antivoli si itatufungia ndani?

Fundi_Katuba
Dirisha moja la kila chumba cha kulala lifunguke kama mlango, kadena (kufuli) kwa ndani. Funguo itundikwe kwenye msumari, kimo cha mtoto, lakini mbali na dirisha zaidi ya mita 2 na isionekane ukisimama nje. Wanavua funguo kwa fimbo yenye waya.