Uso wa shogi la Kikurdi: nitajuaje ni la kale kweli?

MutrahLeo: Wakuu, kuna kipande cha zulia kinauzwa hapa Maskati, kama sm 60 kwa 70. Kina almasi zenye kulabu, rangi ya damu ya mzee, nili na chungwa. Muuzaji anadai ni uso wa shogi (upande wa mbele wa mfuko wa kubebeshea mnyama mizigo) la Wakurdi wa kabila la Jaf, umri zaidi ya miaka 100. Nikague nini? Na watu wanavutiwa na nini hasa, maana nili yenyewe juu imekolea, chini imepauka!

Mtande: Geuza kwanza, mgongo ndio wenye habari. Fundo la Jaf huzunguka nyuzi mbili za mtande (nyuzi za urefu), na mstari unaofuata husogea uzi mmoja, hivyo mafundo yanapishana kama matofali ukutani. Ndiyo maana mshazari wa almasi unapanda bila kuonyesha ngazi. Yakiwa yamepangana safu kwa safu kote, nitasita kuliita la Jaf hata likiwa na kulabu mia. Mtande na mshindio (nyuzi za kukatiza) viwe vya sufu.

Hiyo nili usiihofie. Sufu ilitiwa rangi kwa mafungu, chungu kimoja baada ya kingine, na iliyosokotwa kwa mkono hainywi rangi sawasawa. Mpaka kati ya nili iliyokolea na iliyopauka ukifuata mshindio, ni halali. Ukikata mshazari au ukiwa madoamadoa, hapo ni jua au maji. Wapenzi wa mazulia haya wanalipia hasa hiyo nili isiyotulia.

Bi Sufu: Mimi chungwa ndiyo inanitia shaka. Panua manyoya hadi kwenye shina: ncha ikiwa imepauka na shina bado linawaka, huenda ni rangi ya maabara. Haimaanishi si la kale; rangi hizo zilianza 1856 na karne ya 19 haikuisha kabla hazijawafikia wafumaji. Bei tu ndiyo ishuke. Bonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikichukua wekundu, usilioshe nyumbani.

Hudhurungi iliyokolea ikiwa imelika chini kuliko rangi nyingine, ni dalili nzuri: chuma cha kwenye dawa ya kushikisha rangi hula sufu taratibu. Wajanja huinyoa, ila mkasi huacha ncha bapa.

MutrahLeo: Shukrani. Nyuma naona vitundu na punje kama mchanga.

Bi Sufu: Nondo hao. Funga kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya -18 °C wiki mbili. Ukitoa, usifungue mpaka lirudie joto la chumba, la sivyo unyevu utatua kwenye sufu. Kisha fyonza vumbi pande zote mbili, bila brashi inayozunguka.