Goti lina miezi sita tangu lipasuliwe, nimeitwa majaribio Oman. Niende au nisubiri? Mnaomjua Falcao naombeni mawazo

NambaTisa_Tanga
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri, hasa mliowahi kuumia goti.

Nina miaka 22, nacheza straika. Desemba nilikuwa nageuka kumkwepa beki, mguu ukabaki kwenye nyasi, nikasikia mlio ndani ya goti la kulia kama mtu kavunja kijiti. Kipimo cha MRI kikaonyesha kano ya mbele, ile ACL, imekatika yote. Nikapasuliwa tarehe 14 Januari kwa michango ya ndugu na mkopo ambao mama alichukua kwenye kikoba. Sasa nakimbia, napiga mpira, maumivu hakuna. Wakala amenipatia majaribio ya wiki mbili kwenye klabu moja ya Muscat katikati ya Agosti. Itakuwa miezi saba kamili. Ameniambia habari ya goti nisiitaje.

Tangu mtoto mtu wangu ni Radamel Falcao, straika wa Colombia. Naye kano ilikatika Januari 2014, na Agosti ya mwaka uleule alikuwa uwanjani anaifungia klabu yake, Monaco ya Ufaransa. Kama yeye aliweza, kwa nini mimi nisiweze? Nikiikataa nafasi hii sijui kama itakuja nyingine.

Babu_wa_Boksi
Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa kuitwa. Ila huyo Falcao umemsoma nusu. Acha nikumalizie, maana nimemfuatilia tangu yuko Porto ya Ureno.

Aliumia tarehe 22 Januari 2014, Kombe la Ufaransa, dhidi ya timu ya daraja la nne. Alikuwa ameshafunga bao siku hiyo. Beki akamvaa kwa nyuma, goti la kushoto likaenda. Colombia ilikuwa inarudi Kombe la Dunia baada ya miaka 16, na yeye ndiye aliyekuwa amefunga mabao 9 kwenye kufuzu. Alipambana na muda kwa kila namna. Akawekwa kwenye orodha ya awali, halafu Juni kocha Pékerman akamwacha. Wenzake wakafika robo fainali Brazil bila yeye.

Na hiyo Agosti unayoisema ni kweli alifunga. Lakini hukuandika kilichofuata. Septemba akaenda Manchester United kwa mkopo: mechi 29, mabao 4. Machi 2015 wakamshusha acheze na vijana wa chini ya miaka 21. Msimu uliofuata akawa Chelsea, ligi nzima bao 1.

Nilikuwa naziangalia zile mechi na roho inaniuma. Krosi inakuja nguzo ya karibu, sehemu yake ileile, na anajua kabisa mpira utaangukia wapi. Anafika nusu hatua baadaye. Beki anaugusa kwanza. Tena na tena. Hakuwa anachechemea hata kidogo. Falcao ana urefu wa sentimita 177 tu, alikuwa anawazidi mabeki warefu kwa ile hatua ya kwanza na kuruka mapema. Ukimwondolea nusu hatua umemwondolea kila kitu.

Mtoto_wa_Mabatini
Kaka hapo juu, kwa heshima, unamtisha kijana. Falcao alikuwa na mkataba, Monaco walimnunua kwa kama euro milioni 60. Hata akikaa benchi, mshahara unaingia. Huyu anadaiwa na kikoba. Mimi naona aende. Kwetu nafasi ya nje haikungoji upone vizuri.

Babu_wa_Boksi
Hapohapo ndipo ninapoogopa, mkuu. Kabla ya Manchester, Falcao alikuwa na mabao 17 ya Europa League msimu wa 2010/11 akiwa Porto, fainali ya Dublin akaimaliza yeye kwa kichwa. Mwaka uliofuata akiwa Atlético, fainali ya Bucharest, mawili. Chelsea akaipiga matatu kwenye Super Cup ya 2012. Akicheza vibaya miaka miwili, watu wanasema "ni goti, huyu tunamjua." Dogo akichelewa nusu hatua kwa wiki mbili Muscat, nani atasema wanamjua? Wataandika kwamba straika huyu ni mzito, na mlango huo hautafunguka tena.

Fizio_Moshi
Habari zenu. Nafanya kazi ya tiba ya viungo, magoti ndiyo ninayoyaona kila siku.

NambaTisa, kutosikia maumivu si kipimo. Kano mpya inakuwa dhaifu katikati ya safari, wakati ambapo wewe unajisikia vizuri zaidi. Mchezo wa kugeuka na kugongana unahitaji angalau miezi tisa, na kila mwezi unaoongeza kabla ya hapo unapunguza sana hatari ya kukatika upya. Kwa umri wako na namba yako hatari hiyo ni kubwa.

Usiniamini kwa maneno. Chukua futi kamba. Simama kwa mguu mzima, ruka mbele mara moja, tua kwa mguu huohuo na utulie bila kuyumba. Pima. Rudia mara tatu, halafu mguu uliopasuliwa. Kama mguu mbovu haufiki asilimia 90 ya mzima, hauko tayari hata kwa mechi ya mtaani. Fanya mtu akiwa karibu, na goti likikuuma acha mara moja. Na nani anakusimamia mazoezi?

NambaTisa_Tanga
Dada, tangu mwezi wa nne nafanya mwenyewe. Nauli ya kliniki ilinishinda.

Ruwi_Mwisho
Mimi niko Muscat mwaka wa tisa, nacheza na vijana wa hapa jioni. Mambo mawili. Agosti huku joto si la kawaida, hata wenye magoti mazima wanaishiwa. La pili ni hilo la wakala kukwambia ufiche. Kabla ya kusaini kuna vipimo vya afya, na kovu la upasuaji halifichiki, mdogo wangu. Wakilikuta wakati hukusema, hawatakukataa kwa sababu ya goti, watakukataa kwa kuwa umewadanganya. Waambie wazi, na omba tarehe nyingine.

Shabiki_wa_El_Tigre
Wakuu, mmalizieni dogo na sehemu nzuri basi, asilale vibaya.

2016 Falcao alirudi Monaco, wengi wakiwa wameshamzika. Kocha Jardim akampa kitambaa cha unahodha. Msimu huo mabao 21 ya ligi, na ubingwa wa kwanza wa Monaco tangu 2000. Tafuta mechi ya Ligi ya Mabingwa na Manchester City, Februari 2017. Alifunga kwa kichwa cha kuruka chini. Akapiga penalti, kipa Caballero akaidaka. Mtu mwingine angejificha baada ya hapo. Dakika chache mbele anapigana bega kwa bega na beki Stones, anampita, anainua kichwa, anaunyanyua mpira taratibu juu ya kipa yuleyule aliyemdakia penalti. Monaco walifungwa 5-3 usiku ule, lakini baada ya marudiano ndio waliosonga mbele.

Angalia ile hatua ya kwanza anapomwacha Stones. Ndiyo ile iliyokuwa imepotea Old Trafford, kwa Manchester United. Ilirudi mwaka wa tatu baada ya kuumia. Mwaka uliofuata akafunga bao lake la kwanza la Kombe la Dunia, dhidi ya Poland, ana miaka 32.

Wewe una 22.

NambaTisa_Tanga
Wakuu, nimerudi. Leo asubuhi nimepima uwanjani, mdogo wangu ndiye aliyeshika futi kamba. Mguu wa kushoto: mita 1 na sentimita 62. Wa kulia, uliopasuliwa: mita 1 na sentimita 19. Mara zote tatu nilipotua kwa mguu wa kulia ilibidi niweke mkono chini.

Nimekaa pale kwenye nyasi muda mrefu. Nilikuwa najiona nimepona.

Nimempigia wakala, nimemwambia ukweli nataka uandikwe na tarehe ya upasuaji. Alikasirika, baadaye akasema ataniombea Januari, bila ahadi. Mama nimemweleza, amesema kikoba ataongea nao mwenyewe.

Dada Fizio, naomba unielekeze mazoezi ya paja ninayoweza kufanya nyumbani bila mashine. Nina ngazi, nina ndoo ya lita 20 na kamba.

Fizio_Moshi
Vinatosha kuanzia. Nakuandikia jioni. Leo usiruke tena, weka barafu goti likivimba.