Wahandisi mlioanzia SEAP huku Nyanda za Juu Kusini, tupeane uzoefu

Kokoto_Nusu
Kamwene wadau. Mdogo wangu kamaliza MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, kila jioni swali ni moja: "Kaka, naanzia wapi?" Yangu nimemsimulia, nataka asikie na ya wengine. Kwa msiojua, SEAP ni mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ulioanza 2003. Unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, unapelekwa kwenye kampuni au taasisi, unakaa miaka 3 chini ya mhandisi mlezi, ndipo unaomba kuwa mhandisi mtaalamu.

Mimi nilianzia saiti ya ghorofa Uyole, mwezi wa sita. Baridi ya Uyole saa 12 asubuhi anayeijua anaijua. Nilifika na kofia mpya na buti zinang'aa, mafundi wakanibatiza "Injinia Karatasi". Siku ya zege la nguzo mlezi kaenda mjini, nimeachiwa koni ya slampu, ile ya kupima zege ni zito au jepesi kiasi gani. Hiyo chuoni tuliifanya hadi tukachoka: tabaka 3, kila tabaka unashindilia mara 25, unanyanyua koni, unapima zege limeshuka kiasi gani. Nikapima mchanganyo wa kwanza, safi, nikaenda kunywa chai.

Huku nyuma vijana wa mikisa wakaona zege zito, wakaongeza ndoo za maji. Mzee mmoja, fundi mchundo ambaye chuo hajakanyaga, akanifuata: "Mwanangu, njoo uone, huu ni uji." Nikaona haya kusimamisha kazi mbele ya watu 20. Nikanyamaza. Bahati mzee yule aling'ang'ania tujaze moldi za kyubu, vile vibonge vya zege vya kupima nguvu, kwa uji uleule.

Tulipozivunja kyubu siku ya 7 majibu ya nguvu yalikuwa chini. Tukajipa moyo kwamba ni baridi, maana kweli baridi huchelewesha zege kukomaa. Siku ya 28, ambayo ndiyo zege huhukumiwa, majibu bado chini, hapakuwa na pa kujificha: nguzo 4 zikabomolewa. Mlezi hakunifokea. Alinisogezea logibuku tu, daftari la kazi zangu analosaini mlezi. "Andika yote, hata ulivyonyamaza. Nikisoma ndipo nasaini." Kwenye usaili wa bodi ukurasa ule ndio walioung'ang'ania kuliko kurasa zote. Nilitokwa jasho!

Mama_Boila
Pole kaka, ila wewe angalau uliachiwa koni. Mimi ni wa mitambo, nilipelekwa kiwanda cha chai Mufindi. Miezi 2 nachapa barua na kupanga vitafunwa vya wageni, kisa binti pekee idara ya ufundi. Nikaanza kuingia zamu ya usiku bila kuitwa, nakaa na mzee wa boila. Huyo ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kugonga magogo mawili ya mkaratusi: yakilia "ko" yamekauka, yakilia "du" mabichi. Kuni mbichi mvuke unashuka, kikaushio kinakosa joto, chai inatoka na unyevu. Nikawa naandika kila saa geji inasoma ngapi na kuni zimetoka rundo lipi. Wiki ya 3 nikampelekea meneja daftari. Banda la kuni likaongezwa, na barua sikuchapa tena.

Mtoto_wa_Mwanjelwa
Asikimbilie Dar. Mimi nilipata saiti hapahapa Mbeya, kwenye upanuzi wa barabara kuwa njia 4, Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Nilikwenda mwenyewe na barua mkononi, mara 3.

Nzovwe_kwa_Shangazi
Wenzangu yenu yaliisha vizuri. Mlezi wangu alihama kampuni mwaka wa pili, logibuku ina miezi 14 haijasainiwa. Kosa langu pia, nilikuwa namwonea aibu kumsumbua, kila siku yuko kwenye simu. Na posho yenyewe ilikuwa inakuja inapotaka, nauli ya daladala ananipa shangazi. Nikapanda basi hadi Makambako alikohamia. Akakaa juu ya mifuko ya saruji, akasoma ukurasa mmoja mmoja, mingine akairuka: "Hii sikukuona ukiifanya." Nikarudi na miezi 9. Mwambie mdogo wako sahihi aombe kila Ijumaa.

Kokoto_Nusu
Dah. Hiyo mitano iliyobaki uliifidiaje?

Nzovwe_kwa_Shangazi
Nairudia, kaka, kwa mlezi mwingine. Namaliza mwezi ujao. Shangazi ameshaanza kuniuliza habari za kodi.